Sare ya Matanga kwenye Shamba la Maboga

Nyarugusu, 6 Agosti 2023

Mdogo wangu Perpétue,

Amani ikufikie wewe, shemeji Bagalwa, na watoto wetu Sifa na Dieumerci. Huku tu wazima, ukiacha goti langu ambalo limeamua kuzeeka peke yake bila kuningoja. Cherehani inafanya kazi. Nimeshona sare za shule mpaka nikiona kitambaa cha bluu nasikia kichefuchefu. Bahizire, mtoto wa mjomba, bado anachaji simu za watu hapa kambini, na ile simu yake kubwa bado ndiyo dirisha letu la kuwaonea nyinyi. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi. Ukituma neno kwa Bahizire, kabla sijafika kulisikiliza wameshalisikia wote waliokuja kuchaji, na mambo mengine ni ya dada na mdogo wake.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kwanza Mama anatimiza mwaka kaburini. Tumekaa na wazee tukakubaliana kuanua matanga Jumamosi ya tarehe sita Januari. Padre atasoma misa, watu watakula, kisha ukoo mzima tutasimama kupigwa picha. Wote tutavaa ile sare tuliyomzikia, kitenge cha kahawia chenye mbayuwayu weupe. Unajua hata Mama mwenyewe tulimvalisha hicho hicho.

Yako niliishona siku zile zile za matanga, pamoja na za wengine, na niliikata kwa kukisia mwili wako nilivyouacha. Yule mama aliyesafiri kwenda huko Amerika mwezi wa tano alisema ameikabidhi mkononi mwako. Wewe hujasema neno. Fundi akimaliza kazi anangoja mteja ajaribu nguo, hata kama mteja ni mdogo wake. Imekutosha? Mabegani je? Kwapani haikukamati?

Ninachotaka ni hiki. Siku hiyo uivae, Sifa akupige picha, aitume kwa Bahizire. Mama mdogo Nsimire ataishika ile simu mahali pako, kando yangu, ili isije ikasemwa kwamba kitinda mimba wa Mama hakumzika wala hakumwanulia matanga. Kumzika hukuweza, kila mtu anajua, ndege si baiskeli. Lakini kuvaa nguo unaweza.

Nisalimie shemeji. Mwambie bado ananidai wimbo.

Dada yako asiyesahau vipimo,
Ernestine


Fridley, 17 Septemba 2023

Mpendwa Dada Ernestine,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti ulifunge na kitambaa cha moto, na usiinamie cherehani siku nzima. Bagalwa amepata kazi kule Plymouth, kiwanda cha madirisha. Asubuhi ana-drive kwa madaha utadhani ni waziri. Mimi bado niko kwenye kufulia, pale kwenye nyumba ya wazee, nakunja mashuka. Dieumerci amejiunga na mpira. Sifa ni mrefu kunizidi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na tunaelewana hivyo hivyo, kila mtu amesimama upande wake wa mto.

Kuhusu nguo, ilifika. Imenitosha vizuri, asante. Mikono yako haijapotea.

Huku majani ya miti yameanza kugeuka mekundu na watu wote wamekuwa na furaha ya ghafla. Huu ni msimu wao wa mavuno. Paroko ametangaza siku ya familia mwanzo wa Oktoba, parokia nzima itakwenda kwenye shamba moja kubwa kupita Maple Grove, kuna maboga, matufaha, michezo ya watoto. Basi Jumapili iliyopita wakatangaza na sadaka. Dada, Kiingereza cha mimbarini kinakimbia, lakini neno moja nililidaka lote. Sacré-Cœur. Watu walete nguo kwa ajili ya Sacré-Cœur, kwa sherehe ya mavuno. Nikamgeukia Sifa nikamuuliza, nimesikia sawa, Sacré-Cœur? Akasema ndiyo mama, nguo.

Nilifurahi mpaka nikashindwa kuimba. Tangu tufike hapa tumekuwa watu wa kupokea. Makoti tulipewa, sufuria tulipewa, hata kitanda cha watoto tulipewa, na kila mara mimi ni thank you, thank you, mpaka shingo inauma kwa kuinamisha kichwa. Nikasema leo na mimi natoa. Halafu kwa Moyo Mtakatifu, na unajua Mama na Moyo Mtakatifu. Nikatoa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Anayepokea ni mama mmoja wa kamati anaitwa Marlys, ana nywele nyeupe zote na mikono ya mtu wa kazi. Alikifunua, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema yes. Akaniuliza tena. Nikajua ndiyo adabu yao, kama sisi tunavyokataa chakula mara ya kwanza. Nikamwambia yes, yes, best, for God. Macho yake yakalengalenga machozi.

Nilirudi nyumbani mwepesi sana. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa mwepesi hivyo.

Wako,
Perpétue


Nyarugusu, 15 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua imekuja mapema, paa linavuja pale pale. Goti langu unalolishauri limekusikia na halijakutii.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimekaa na mara ya pili nimesimama. Moyo Mtakatifu, huko Amerika, na mtoto wa Mama ndiye anayetoa. Sikuweza kunyamaza. Nilikwenda kwenye kikundi cha akina mama wa Moyo Mtakatifu, wale wale waliomsindikiza Mama na skafu nyekundu, nikawasomea kipande kile chote. Mwenyekiti akasema Perpétue aombewe kwa jina, ukaombewa. Mama mdogo Nsimire akakumbusha jinsi Mama alivyokuwa anachambua maharagwe ya sadaka ya mavuno, punje nzuri zinakwenda kanisani, zilizotobolewa zinarudi kwenye sufuria yetu, na sisi tunanuna. Tulicheka. Tulilia kidogo pia.

Ila hukuniambia ulitoa nini. Wameniuliza, nikajibu ni blanketi jipya, kwa sababu nisingeweza kusema sijui. Niambie basi, nisije nikawa nimesema uongo mbele ya skafu nyekundu.

Na jambo jingine. "Imenitosha vizuri" si jibu la mtu aliyejaribu nguo. Mtu aliyejaribu nguo hulalamika. Atasema mkono mrefu, atasema hapa panabana. Nimeshonea watu maisha yangu yote na sijawahi kusikia imenitosha vizuri. Vaa tena, jitazame, uniandikie kama mteja.

Tumeshapata sufuria kubwa za siku ile. Padre amekubali.

Ernestine


Fridley, 22 Oktoba 2023

Dada yangu,

Natumaini u mzima. Barua yako bado haijafika, sijui posta wanaipitisha wapi, lakini nimeona nikuandikie, usije ukadhani nimenyamaza.

Tulikwenda shambani. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, jua lipo lakini halichomi. Wanakupandisha kwenye tela linalovutwa na trekta, mnakalia marobota ya majani makavu, mnazungushwa shambani mkipunga mikono kwa watu wasiojulikana. Kuna shamba la mahindi wamelikata njia ndani, mtu anaingia kwa hiari yake apotee, na kutoka ni kazi. Bagalwa alipotea kweli. Alitokea upande wa ng'ombe. Dieumerci alichagua boga kubwa kuliko kichwa chake na hakukubali mtu amsaidie kulibeba. Maboga yenyewe hawali, wanayachonga macho na meno wanaweka mlangoni mpaka yaoze. Majani yake yameachwa tu yakaungua kwa baridi, mboga nzuri kabisa. Tulikula maandazi ya matufaha, ya moto, yamepakwa sukari. Ungeyapenda.

Kulikuwa na mambo mengine pia, masanamu na nini. Sitaki kukuchosha.

Sifa alipiga picha nyingi. Kazini wameniongezea siku, nachoka. Kuhusu picha ya Januari, tutaona. Januari ya huku ni baridi sana, watu hawatoki nje.

Nisalimie wote.

Perpétue


Nyarugusu, 10 Novemba 2023

Perpétue,

Nakusalimu.

Sifa alimtumia Bahizire picha za shambani. Mtoto ana roho nzuri, amekumbuka watu wake. Nilifurahi nikaita watu. Nilimwita Mama mdogo Nsimire, nikawaita na wale akina mama wa Moyo Mtakatifu, waje waone mavuno ya Amerika na familia ya mtu waliyemuombea. Tukazunguka simu.

Picha ya kwanza, Dieumerci na boga. Wakasifu boga. Picha ya pili, shemeji kwenye tela. Picha ya tatu, wewe na Sifa mmesimama langoni mnacheka, na katikati yenu kuna sanamu juu ya mti, ile ya kutishia ndege, kichwa cha gunia.

Mama mdogo Nsimire haoni vizuri, lakini ndiye aliyeona. Akasema, mbona hiyo nguo ni yetu. Nikasema haiwezekani, vitenge vinafanana. Bahizire akakuza picha. Kola ile nimeikata mimi. Kifungo cha pili kimekaa juu kidogo kwa sababu nilikishona machozi yananitoka. Hakuna kola nyingine kama hiyo duniani.

Mwenyekiti alivuta skafu yake akasema amekumbuka ameacha moto jikoni. Wakaondoka mmoja mmoja. Nilibaki na simu ya mtu mkononi.

Kitambaa hicho Mama amelala nacho.

Sikuulizi kwa nini, maana sijui jibu gani lingenitosha. Picha ya Januari usiitume. Mahali pako nitapajaza mwenyewe.

Ernestine


Fridley, 6 Desemba 2023

Dada yangu,

Nakusalimu sana. Bagalwa mzima. Dieumerci ameng'oka jino la mbele. Sifa hasemi nami vizuri, nitakueleza. Barua zako mbili zilifika wiki moja, ile ya maombi na hii. Hii nimeisoma bafuni na mlango nimeufunga, kwa sababu hapo tu ndipo watoto hawaingii.

Nina aibu, dada. Nimetafuta namna ya kuliandika neno hilo kwa kulizungusha, nimeshindwa.

Nianze na kosa lenyewe. Sanamu ya kutishia ndege ina jina lake la Kiingereza, wanatamka skeakrou. Sasa litamke mbio mbio, kwenye kipaza sauti cha kanisa, liingie kwenye masikio ya mtoto aliyefundishwa Kifaransa na masista. Umesikia? Linatoka sakre-keri. Paroko alikuwa anaomba matambara ya kuvalisha masanamu ya majani, kuna mashindano huko shambani kila mwaka. Mimi nikasikia Moyo Mtakatifu wa Yesu. Nilimuuliza Sifa, na Sifa Kifaransa chote alishakimwaga, akadhani mama yake anajitahidi kusema lile neno lao kwa ulimi wake wa siku zote. Akasema ndiyo. Hakunidanganya. Bagalwa nilipomweleza alianza kucheka, kisha akaniona usoni akaacha.

Na yule Marlys, kumbe alipoona kitenge kizuri namna ile alielewa kwamba familia ya Kongo inataka nguo ya kwao iwepo kwenye sherehe. Akaona tumemheshimu. Hakuitupa na matambara mengine. Aliipiga pasi, akatengeneza sanamu yake peke yake, akaisimamisha langoni mahali pa mbele ambapo kila mtu anapita.

Tulishuka kwenye gari, watoto wakakimbia, mimi nikainua macho. Alikuwa amesimama pale juu, mikono ameipanua kama Mama alivyokuwa anaipanua mtu akitoka safari. Majani yalikuwa yamemjaa mpaka tumboni. Halikuwa umbo langu, lilikuwa la Mama. Mbayuwayu wote wale, kwenye mwili wa kitu kilichowekwa kufukuza ndege. Na kichwa gunia.

Marlys akaja, akanishika mkono, akanisogeza, akaita watu. Wakapiga makofi. Tulikuwa tumeshinda, dada. Walimchoma sanamu utepe wa bluu kifuani, nami wakanipa mkono. Nikasema thank you. Nikasema beautiful. Nikasimama ubavuni mwake nikatabasamu, Sifa upande wa pili, na hiyo ndiyo picha uliyoiona. Halafu nikala maandazi. Nikapanda tela nikapunga mkono. Kila tulipopita langoni nilitazama viatu vyangu.

Utauliza Sifa alishindwaje kuijua nguo. Hakuijua kwa sababu hajawahi kuniona nayo. Hapo ndipo ulipo ugonjwa. "Imenitosha vizuri" ilikuwa uongo, na wewe uliunusa ukiwa mbali hivyo. Sijaivaa hata siku moja. Ilipofika nilifungua mfuko kidogo, nikaona mbayuwayu, nikasikia harufu ya sabuni ya huko, nikafunga. Nikaiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku, na kila nilipofagia chumba sikufagia upande ule.

Siku mlipomzika Mama, mimi nilikuwa kazini nakunja mashuka. Wewe unawaambia watu ndege si baiskeli. Kweli. Lakini hata ruhusa ya siku ile moja sikuiomba. Nilikuwa mgeni pale, niliogopa wataniona mzigo. Na usidhani Kiingereza kilinishinda, kusema mama yangu amekufa ni maneno mepesi, hata Dieumerci angeyasema. Sikuyasema. Mwenzangu mmoja akatoa mzaha kuhusu mashine ya kukaushia, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kwa sauti. Nilipotazama saa nikajua ndiyo mnashusha jeneza.

Ile nguo ilikuwa inanijua, dada. Niliposikia Sacré-Cœur nikaona mlango wa kutokea. Kitu nilichokuwa nakikimbia nilimpa Mungu, nikakiita sadaka, nikarudi nyumbani mwepesi na kukuandikia kwamba ni mwepesi. Kwa hiyo paroko hana kosa, wala lile neno halina kosa. Nililisikia vibaya kwa sababu nilitaka kulisikia hivyo.

Barua yako ilipofika nilimwambia Sifa ile ilikuwa nguo gani. Alikaa kitandani. Akaniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini nilimwacha acheke pale, amekumbatia mkono wa nguo ya kumzikia bibi yake, na mimi najua.

Juzi nimempigia Marlys. Maneno yote yalipitia kinywani mwa Sifa. Kutafsiriwa aibu yako na mtoto wako, sikuombei. Nikasikia Marlys analia. Anasema masanamu yameshang'olewa, yamerundikwa kwenye banda moja pale shambani, mengine yameshachukuliwa na watu, hajui. Theluji imefunga njia. Jumamosi atatupeleka na gari lake kubwa.

Umesema nisitume picha. Nisipoipata sitatuma, na utakuwa umesema kweli, sina mahali pale. Nikiipata, tarehe sita nitaivaa nisimame nje na nitatuma. Ukiona vema uifute kabla watu hawajaiona. Sitakulaumu.

Mdogo wako,
Perpétue


Nyarugusu, 21 Januari 2024

Mdogo wangu Perpétue,

Amani iwe kwenu wanne. Goti limetulia, sijui limeshiba au linajipanga upya. Matanga tumeyaanua. Watu walikula wakabakiza, jambo ambalo hapa ni la kuandikwa.

Barua yako imefika jana. Picha ilifika siku yake. Kwa hiyo nilikuona kabla sijakuelewa, na mpaka jana nimetembea na picha yako tumboni bila kujua ni ya msamaha au ya kiburi.

Nikueleze ilivyokuwa, pamoja na langu mimi. Wiki zote zile nilikuwa nawaambia watu, Perpétue ameshakuwa wa huko, matambara yake ni sisi. Nilisema hivyo kisimani. Nilisema hivyo kwa akina mama wa skafu. Siku yenyewe nilimwambia padre asitaje jina lako kwenye misa, na padre akanitii. Jina la kitinda mimba wa Mama halikutajwa mbele ya kaburi lake kwa sababu yangu. Hilo siwezi kulishona likaonekana halikuchanika, kwa hiyo naliandika hapa ulijue.

Tukajipanga kwa picha. Nilisimama mahali pangu nikatanua viwiko ili nijaze na pako, kama nilivyokuapia. Simu ya Bahizire ikalia mkononi mwake. Akaitazama, akanitazama mimi. Akampelekea Mama mdogo Nsimire moja kwa moja. Mama mdogo akaisogeza puani, maana ndiyo macho yake sasa. Akasema, huyu marehemu nani kamtoa nje kwenye baridi.

Nikaichukua. Umesimama kwenye theluji mpaka magotini, nyuma yako kuna gari na mti usio na jani. Umevaa nguo juu ya koti. Nani alikufundisha kuvaa hivyo, Perpétue? Mikono umeinyoosha kidogo kwa sababu koti linakubana, na tumbo limejaa, na hukucheka. Ni Mama. Mama mdogo hakukosea. Hata Bahizire aliona.

Mimi sikukawia usoni. Mimi nilikuza nguo. Mabega, sawa. Kifua, sawa. Nilikata kwa kukisia mwili wako wa zamani, na kumbe umekonda huko, ungeivaa bila koti ingekuning'inia. Lile koti ndilo limejaza pengo. Nilikuuliza mwezi wa nane, jibu limekuja mwezi wa kwanza, na ni jibu la kweli. Imekutosha.

Mama mdogo akaishika simu akasimama mahali pako. Nikashusha viwiko. Tumepigwa picha hivyo, uko kati yangu na yeye, mdogo kama kadi. Padre akauliza huyu ni nani, nikamwambia jina lako, na akalisema kwenye sala ya kufunga. Lilichelewa lakini lilisemwa.

Kuhusu kucheka kwako siku ile. Mimi nililia mpaka nikashikwa na watu wawili, na katikati ya kilio nikageuka nikamtukana binti mmoja kwa sababu amekata kitambaa upande. Jeneza liko pale. Sijui kipi kibaya zaidi. Wewe uliogopa na mimi nilikuwa na hasira, na Mama alikuwa anatujua wote wawili kabla hatujaota meno.

Kuhusu Moyo Mtakatifu, jana ile ile nilikwenda kwa akina mama nikawasomea lile neno lao la Kiingereza. Sikuwasomea yaliyobaki, hayo ni ya dada na mdogo wake. Mwenyekiti alilitamka polepole, akalitamka haraka, kisha akakaa chini kabisa kwa kucheka. Sasa wakipanga kusali wanaulizana, leo tunatishia ndege saa ngapi. Umesamehewa na skafu nyekundu, usihangaike. Mwambie Marlys kwamba aliyepiga pasi kola ile bila kuiunguza ni mtu wa maana.

Mwisho. Siku zile za matanga wanawake wote wa nyumba hii walishika sindano. Mama mdogo Nsimire aliweka vifungo vya sare nyingine na haoni. Binti niliyemtukana alipinda mikono ya nguo. Wewe peke yako hukushona. Nimekuza picha vizuri, kwapa la kushoto limechanika, hapo walipopitisha mti. Humu ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa kile kile, kilibaki nilipokata ya Mama, na kuna uzi. Usimpe fundi. Usimpe Marlys. Kaa na Sifa, yeye ashike nguo, wewe shona kwa mkono, na umweleze kila kitu kwa Kiswahili hata akikujibu kwa lugha gani.

Ukimaliza nitumie picha ya mshono, uso wako nimeshauona. Utakuwa mbaya, najua mkono wako. Usiufumue.

Dada yako,
Ernestine